Dawa ya Mbao Etobicoke: Hesabu ni ya Saa za Ukavu

Theluji ikishayeyuka Etobicoke, magharibi mwa Toronto, mabaraza ya mbao yaliyo nyuma ya nyumba huonyesha wazi yaliyoyapata tangu msimu uliopita. Upande unaopigwa jua mbao zimekuwa za kijivu na dawa imekwisha. Upande wa kivuli, mbao zilezile, zilizopakwa dawa ya kopo lilelile siku ileile, zimejaa madoa meusi ya kuvu. Mwenye nyumba hulaumu kopo, akanunua jingine la bei kubwa zaidi, na mwaka unaofuata madoa yakarudi. Mara nyingi kopo halina kosa. Kinachoamua umri wa dawa ni muda ambao mbao hukaa imelowa, na muda huo hutokana na hali ya hewa pamoja na jinsi kazi ilivyofanywa.

Mvua si nyingi, ukavu ni haba

Dar es Salaam hupata mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka; Etobicoke hupata takriban 800. Kwa kuangalia tarakimu hizo tu, mtu angedhani mbao za Etobicoke zina nafuu. Lakini Dar es Salaam masika ikipita huja miezi ya jua la kukausha. Etobicoke haina kiangazi cha namna hiyo: mvua na theluji husambaa mwaka mzima, na kuanzia Novemba hadi Machi baridi huzuia maji yaliyoingia kwenye mbao yasitoke upesi. Theluji iliyolala juu ya baraza huyeyuka kidogo mchana, ikaganda tena usiku. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Yale yaliyojipenyeza chini ya utando wa dawa huusukuma, nao ukaanza kubanduka.

Kisha kuna suala la jua lenyewe. Adhuhuri ya tarehe 21 Desemba, jua la Toronto hufika nyuzi 23 hivi tu juu ya upeo wa macho. Upande wa kaskazini wa nyumba hukaa kivulini miezi mingi mfululizo. Zanzibar, iliyo nyuzi 6 kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri huwa kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, kwa hiyo kila ukuta hupata zamu yake ya kukauka. Etobicoke zamu hiyo haipo, na ndiyo sababu baraza moja huharibika kwa njia mbili tofauti.

Kuvu hula nini

Kuvu inayoonekana zaidi kwenye dawa za mbao za nje ni Aureobasidium pullulans. Haiozeshi mbao kama kuvu za uozo; huishi juu juu, ikaacha weusi. Hustawi katika joto la nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi, na wastani wa Julai hapa ni kama nyuzi 22. Inachongoja ni maji, na maji hayo si lazima yawe ya mvua. Kuanzia Agosti usiku huwa mrefu zaidi, uso wa mbao hupoa, na umande huulowesha hadi asubuhi. Penye jua umande hukauka mapema. Penye kivuli hubaki saa nyingi. Wiki chache za umande zinatosha kuvu kuenea.

Chakula nacho hakikosekani. Miale ya urujuanimno huvunja lignini, kiungo kinachoshikanisha nyuzi za mbao, na mabaki yake huliwa na kuvu hiyohiyo. Mafuta ya kitani yaliyomo katika dawa nyingi za asili nayo ni chakula, hasa yakipakwa mengi kuliko mbao inavyoweza kunywa: yanayobaki juu hunata, hukamata vumbi, na kuvu hupata pa kuanzia.

Mbao zilizotiwa dawa kiwandani hazitoi kinga kamili. Tangu mwisho wa 2003, zile zinazouzwa Kanada kwa ajili ya nyumba za watu zimeacha kutiwa arseniki, na nyingi sasa hutiwa dawa zenye shaba. Shaba huzuia uozo na wadudu. Haizuii maji kuingia, wala kuvu zote za juu.

Kazi inavyopaswa kwenda

Hatua ya kwanza ni kutambua doa. Tone la jiki likififisha weusi ndani ya dakika moja au mbili, hiyo ni kuvu. Lisipofifisha, huenda ni uchafu au kutu ya misumari, na vitu hivyo husafishwa kwa njia nyingine. Jiki isichanganywe kamwe na sabuni yenye amonia, kwa sababu mvuke wake ni sumu. Kupaka dawa mpya juu ya kuvu hai ni kuifunika tu.

Baada ya kuosha, mbao ingojwe ikauke. Kipima unyevu kisome chini ya asilimia 15. Lakini mbao tupu isiachwe juani wiki nyingi, kwani lignini iliyovunjika haishiki dawa vizuri; ikishachelewa, ipigwe msasa kwanza.

Kisha ni tarehe. Dawa nyingi hutaka joto lisiloshuka chini ya nyuzi 10, hata usiku. Hapo Juni hadi mwanzo wa Septemba ndio wakati salama, na walio kandokando ya Ziwa Ontario, kama Mimico na Long Branch, wasifanye haraka Mei, kwa sababu ziwa bado ni baridi na huipoza hewa ya ufukweni. Kazi ianze umande ukishakauka na imalizike mapema alasiri. Dawa ipakwe nyembamba, ya ziada ifutwe, na vichwa vya mbao vilivyokatwa vipakwe kwa makini zaidi kuliko pengine pote, maana huko ndiko maji huingia kwa kasi zaidi. Upande wa kivuli uchaguliwe dawa yenye kiuakuvu. Upande wa jua, yenye rangi ya kutosha kuzuia miale.

Mafundi wa majahazi wa pwani ya Afrika Mashariki walijua kwa vitendo kwamba mpako huenda na majira. Walipaka sifa, mafuta ya ini la papa, kwenye mbao za juu, na mchanganyiko wa shahamu na chokaa chini ya maji, kisha wakarudia kila chombo kilipopandishwa pwani. Hawakutegemea mpako mmoja udumu daima. Waliufungamanisha na misimu ya bahari.

Etobicoke inadai nidhamu hiyohiyo kwa kalenda yake. Kagua kila theluji inapokwisha kuyeyuka, ondoa theluji kwa koleo la plastiki, acha mianya ya hewa kati ya mbao na chini yake, na upande wa kivuli uupake upya mara unapoanza kunywa maji, hata kama upande wa jua bado unayakataa. Fedha ya kopo la bei kubwa italeta faida zaidi ikinunua kipima unyevu na siku mbili za kungoja.