Tone Moja Jichoni: Jinsi Chanjo ya Kideri Ilivyofika Kijijini

Kideri, ambacho Watanzania wengi hukiita pia mdondo, hakikukosa chanjo. La Sota ipo madukani miaka mingi, na ikitunzwa vizuri inakinga. Tatizo ni kwamba imepangwa kwa mfugaji mwenye kuku mamia na jokofu la kuhifadhia. Kichupa kimoja kina dozi nyingi, na kinatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 mpaka saa ya kuchanja. Mama mwenye mitetea minane na jogoo mmoja, katika kijiji kisicho na umeme, hana cha kufanya nacho. Kideri kikiingia, anaweza kupoteza karibu kuku wote kwa siku chache.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wakiwa na Peter Spradbrow, waliligeuza swali. Badala ya kutafuta namna ya kupeleka ubaridi kijijini, walitafuta kirusi cha chanjo kisichouhitaji sana. Kazi hiyo ilifadhiliwa na ACIAR, shirika la serikali ya Australia la utafiti wa kilimo. Walianza miaka ya 1980 huko Malaysia na kirusi kilichoitwa V4, kisicholeta ugonjwa na kinachostahimili joto. Kilichanganywa kwenye chakula, kwa sababu kuku wa kienyeji ni kazi kumkamata.

Hapo ndipo mpango ulipokwama. Nafaka mbichi nyingi zina vitu vinavyoharibu kirusi, na kuku mbabe hula sehemu ya wenzake, kwa hiyo kinga ikawa ya kubahatisha. Zaidi ya hayo, V4 ilikuwa imeshakuwa bidhaa ya biashara. Watafiti walirudi kwenye virusi vya Australia visivyo na madhara, wakavipima kwa joto na kuchagua kimoja: I-2. Mbegu yake ilitolewa bure kwa nchi zilizotaka kujitengenezea. Tanzania iliizalisha katika maabara ya Temeke, Dar es Salaam, ambayo leo iko chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari.

I-2 iliyokaushwa vizuri na kuwekwa gizani hubaki na nguvu kwa wiki nane katika nyuzi 28. Sifa hiyo imewapotosha baadhi ya wachanjaji, wakadhani chanjo haijali jua. Inajali. Kichupa kilichoachwa juu ya tangi la pikipiki mchana kutwa ni cha kutupa. Faida ya kustahimili joto ni kwamba kipande cha mwisho cha safari, kutoka mjini hadi kijijini, kinawezekana kwa kitambaa chenye maji na kikapu kilichofunikwa.

Kazi yenyewe hufanyika alfajiri, kuku wakiwa bado wamefungiwa. Mchanjaji hupima kwanza kidondosheo chake: anajaza mililita moja na kuhesabu matone. Kikitoa matone 40, chanjo ya dozi 400 itahitaji mililita 10 za maji. Maji yawe yamechemshwa yakapoa, maana klorini ya maji ya bomba inaua kirusi. Kisha anashika kidondosheo wima. Akikilaza, matone hubadilika ukubwa na hesabu yote inaharibika. Kila kuku hupata tone moja jichoni, kifaranga sawa na jogoo, na haachiwi mpaka apepese jicho. Chanjo iliyokwisha kuchanganywa haiwekwi hadi kesho.

Kwa maoni yangu, nguvu ya mpango huu haiko kwenye kirusi. Kinga ya I-2 hufifia, hivyo chanjo hurudiwa kila miezi mitatu hadi minne. Inahitaji pia kama wiki mbili kabla ya kuaminika, na haitibu. Kijiji kinachomwita mchanjaji baada ya kuku wa jirani kuanza kuhara kijani na kupinda shingo kimechelewa. Kuku watakufa siku chache baadaye, na lawama itaangukia chanjo. Kwa hiyo kilichojengwa hasa ni ratiba: mchanjaji wa kijijini, mara nyingi mwanamke anayejulikana na jirani zake, analipwa kiasi kidogo kwa kila kuku na kurudi kwa wakati. Malipo hayo ndiyo yanayomrudisha. Chanjo ya bure hutegemea mfadhili aendelee kuwepo.

Ratiba hiyo bado haijatumika vya kutosha. Kideri kikidhibitiwa, kuku huongezeka, na matatizo yaliyofunikwa na vifo vya mara moja hujitokeza. Mchanjaji anayefungua jicho la kuku ndiye wa kwanza kuwaona viroboto waliong'ang'ania kope na kilemba. Kuwapaka mafuta ya kula huwaziba pumzi, lakini mayai yao yameshadondoka kwenye vumbi la banda na viluwiluwi hukulia humo. Bila kufagia, kuchoma takataka za banda na kulikausha, kizazi kipya hupanda tena kichwani. Utitiri mwekundu ni mjanja zaidi: mchana hujificha kwenye nyufa za mbao, usiku ndio hunyonya damu, kwa hiyo ukaguzi wa mchana juu ya kuku hauonyeshi kitu. Chunguza fito wanazolalia kwa tochi.

Mwenye kikapu cha chanjo angebeba pia dawa ya minyoo, ambayo kwa kuku wanaozurura hurudiwa kila miezi mitatu hivi, na angekagua banda kabla ya kuondoka. Mfugaji naye abaki na usafi wa kila wiki, kwa sababu viroboto hawasubiri ziara ijayo. Gharama ngumu, ya kumfikisha mtu mwenye ujuzi mlangoni kwa tarehe inayojulikana, imeshalipwa. Kumwacha aondoke baada ya tone moja tu ni kuipoteza.