Kiuno cha Mtu wa Kaiti Hutibiwa kwa Kupanga Mzigo

Mtu wa kaiti, yule anayeteleza juu ya maji kwa ubao huku akivutwa na tiara kubwa, akiumwa kiuno, ushauri humjia kutoka kila upande wa ufuko. Mmoja humwambia alale chali wiki nzima, wa pili humtuma akapigwe picha ya MRI, wa tatu humnunulia diklofenaki kwenye duka la dawa, wa nne humwapia kwamba asipouacha mchezo hatapona. Wote wanne wanakubaliana jambo moja bila kulitamka: ndani ya mgongo kuna kitu kimeharibika, nacho lazima kipumzishwe, kionekane au kinyamazishwe. Hoja yangu ni kwamba kwa walio wengi dhana hiyo inawapoteza njia. Maumivu yao yanaeleweka vizuri zaidi kama mzigo uliouzidi mwili kwa wakati ule. Basi tiba ni kuupanga upya mzigo huo: upunguzwe kwa muda, uhamishiwe sehemu ya mwili inayoubeba vizuri, kisha urudishwe hatua kwa hatua huku misuli ikijengwa.

Tuutazame kwanza mchezo wenyewe. Kaiti humvuta mchezaji kwa nyuzi, na mvuto huo hufika mwilini kupitia ndoano ya hanesi, ule mkanda mpana aliojifunga. Yeye huukabili kwa kuukandamiza ubao kwa visigino na kuegemea nyuma, kifua kikiwa kimegeukia aendako. Hanesi ya kiunoni ikiwa imelegea hupanda hadi mbavuni. Mvuto unashika juu, miguu inasukuma chini, na kiuno kilicho katikati kinapinda kama upinde uliovutwa. Misuli ya mgongo hubaki imekaza dakika nyingi mfululizo, na kwa anayependa kwenda upande mmoja, upande mmoja wa mwili huchoka kuliko mwingine. Kila anaporuka na kutua vibaya, kishindo hupanda kutoka miguuni hadi uti wa mgongo. Ipo pia kazi ya nchi kavu ambayo wengi hawaihesabu: kuinama na kuijaza kaiti upepo kwa pampu ya mkono, kubeba vifaa, na kwa mkufunzi wa Paje au Diani, kusimama majini muda mrefu akiwa ameishika hanesi ya mwanafunzi kwa nyuma. Majira nayo huongeza lake. Kusi huvuma takriban Juni hadi Septemba na kaskazi Desemba hadi Machi. Aliyekaa bila kucheza wakati wa tangambili, yaani kati ya pepo hizo mbili, kisha akatoka kila siku upepo uliposhika, ameuongezea mgongo kazi ghafla kuliko ulivyozoea.

Je, kulala kitandani si ndiyo njia rahisi ya kuushusha mzigo huo? Mwaka 1995 watafiti wa Finland walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine jaribio la wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki waliokuwa wameshikwa ghafla na maumivu ya kiuno. Kundi moja liliagizwa kulala siku 2, la pili lilipewa mazoezi ya mgongo, la tatu liliambiwa liendelee na shughuli za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona upesi zaidi ni hao wa tatu. Somo hapa ni la kipimo na wakati: siku za mwanzo mwili unahitaji mwendo wa kawaida, na mazoezi ya kujenga nguvu yaje baadaye. Mwaka 2024 jarida la The Lancet lilitoa jaribio la Australia la watu 701 waliokuwa wametoka tu kupona kiuno. Waliopewa mpango wa kutembea ulioongezeka taratibu, chini ya uangalizi wa wataalamu wa fiziotherapia, nusu yao walifika siku 208 au zaidi bila maumivu kurudi. Kwa wasiopewa mpango huo ilikuwa siku 112. Kutembea hakumgharimu mtu chochote, na kwa anayeishi kando ya ufuko hakuna kisingizio.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la picha. Mtu anaonyeshwa diski iliyotuna, yaani mto ulio kati ya pingili za uti wa mgongo, kwenye MRI yake, halafu anaambiwa atembee? Mwaka 1994 jarida lilelile la New England liliripoti picha za watu 98 wasioumwa mgongo kabisa: asilimia 52 walikuwa na angalau diski moja iliyotuna, na asilimia 36 tu ndio waliokuwa na diski zote salama. Diski iliyotuna basi haitoshi kuthibitisha kwamba ndiyo inayouma. Hata diski iliyochomoza na kugusa neva mara nyingi hunywea yenyewe kwa miezi bila upasuaji. Picha ina kazi yake pale daktari anapotafuta jambo mahususi. Ikipigwa kwa udadisi humwachia mchezaji hofu, na hofu humfanya aukaze mgongo na kuacha kusogea.

Katika utendaji, hatua ya kwanza ni kutambua mzigo upi unaochokoza. Maumivu yakija wakati wa kupampu, kinachosumbua ni kuinama. Yakija ukiwa umeegemea nyuma juu ya maji, kinachosumbua ni kupinda, na hanesi ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Ikazwe isipande, au ijaribiwe hanesi ya kukalia, ambayo huupeleka mvuto kwenye nyonga na mapaja. Hatua ya pili ni kuimarisha nyonga, makalio, tumbo na mgongo: kuchuchumaa, kunyanyua uzito kwa kuinamia nyonga, kubeba mzigo kwa mkono mmoja, kushikilia kiwiliwili kisizunguke. Hatua ya tatu ni kurudi majini kwa ngazi: upepo wa wastani, muda mfupi, pande zote mbili, bila kuruka, kuruka kuje mwisho. Kanuni inayotumiwa sana katika fiziotherapia ni kwamba maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika iwapo kufikia kesho yake yametulia. Yakibaki juu, shuka kipandio kimoja, wala usiiache ngazi yenyewe.

Wapo watakaosema kwamba wafanyakazi wa Helsinki hawakuwa wakivutwa na kaiti. Ni kweli. Lakini misuli ya mtu wa kaiti huzoea kazi kwa kuongezewa kidogo kidogo kama ya mtu mwingine yeyote, na kwa kuwa mchezo wake unadai zaidi, yeye ndiye anayehitaji ngazi ndefu zaidi. Wengine watasema kukandwa kumewasaidia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haukatai kukandwa, mradi kuende pamoja na elimu na mazoezi. Unachokataa kama tiba ya kawaida ni mikanda ya kushikilia kiuno, kuvutwa kwa uti wa mgongo na dawa za jamii ya afyuni. Dawa kama diklofenaki zina nafasi kwa muda mfupi, lakini zikimezwa kila siku ili mtu aingie majini zinaweza kudhuru tumbo na figo, na mzigo uliomuumiza unabaki palepale.

Haya yote hayamhusu mwenye dalili za hatari. Kushindwa kuzuia mkojo au choo, ganzi kwenye sehemu za siri, mguu kuishiwa nguvu, maumivu baada ya kuanguka vibaya, au maumivu yanayoambatana na homa na kukonda, ambayo katika nchi zetu yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ni mambo ya hospitali siku hiyohiyo. Asiye na dalili hizo asiuze kaiti yake wala asikimbilie kisu. Amwone mtaalamu wa fiziotherapia, amweleze mchezo wake kwa undani, kuanzia pampu hadi hanesi, na adai mpango ulioandikwa wenye ngazi na tarehe. Na shule za kaiti za pwani yetu ziwapangie wakufunzi zamu na mapumziko, kwa sababu migongo yao ndiyo inayozibeba shule hizo.