Tortila za Sonora, Unga wa Berlin

Kabla hajagusa unga, huchovya kidole kwenye maji. Anapima moto wake. Kipimo chenyewe ni cha zamani: maji yawe moto hata kidole kitamani kutoka, ila kiweze kuvumilia. Yakiwa baridi kuliko hapo, mafuta hayatalainika na kinyunya kitakataa kusukumwa. Yakizidi moto, unga utaiva nusu nusu bakulini na kushikana mabonge. Nimemwona akisimama kando ya sufuria bila kusema neno, akichovya na kungoja, akichovya na kungoja, mpaka maji yafike pale anapopataka. Kipimajoto kimo kabatini mwake na sijawahi kuona kimetolewa.

Mama huyu ni jirani yangu hapa Berlin. Alizaliwa Hermosillo, mji mkuu wa jimbo la Sonora, kaskazini-magharibi mwa Meksiko, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka mpaka wa Marekani. Ughaibuni amekaa zaidi ya miaka ishirini. Mimi ni mtu wa Tanga. Tulijuana ngazini, kila mmoja amebeba mfuko wa unga wa ngano, akaniuliza wangu naupeleka kupika nini. Nikamwambia chapati. Neno hilo hakulijua, kwa hiyo nikaweka mfuko chini nikamwonyesha kwa viganja: kukanda, kukata madonge, kusukuma, kuweka kwenye chuma. Alinitazama mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, Jumamosi njoo jikoni kwangu." Tangu siku ile nimeketi katika jiko lile Jumamosi nyingi, na ninayoyaandika hapa nimeyaona kwa macho yangu.

Anachopika ni tortila ya ngano. Wengi wakisikia tortila hufikiria mahindi, nao hawakosei. Mahindi yaliyochemshwa kwa maji ya chokaa, yakaoshwa na kusagwa yangali na majimaji, ndiyo nguzo ya chakula cha Meksiko tangu karne nyingi kabla Wahispania hawajafika. Lakini kaskazini, kwenye jangwa na mbuga za ng'ombe, ngano ilipata makao yake. Padre Eusebio Francisco Kino alifika nchi hiyo mwaka 1687, na vituo vyake vya misheni vilieneza ngano na mifugo. Ngano ilistahimili baridi ya kipupwe ambayo mahindi hayaiwezi, ikavunwa kabla ya mahindi kukomaa, ikaziba miezi ya njaa. Ng'ombe walileta nyama na mafuta. Wenyeji wakalishika umbo walilolijua tangu zamani, mkate mwembamba wa mviringo unaoivia kwenye bamba la moto, wakalitengeneza kwa unga uliotoka ng'ambo.

Mambo yanayohitajika ni manne: unga, mafuta, chumvi na maji. Kwa unga nusu kilo, yeye hutia mafuta yanayokaribia gramu mia moja. Mafuta hutangulia maji, na hapo ndipo kazi inapoanza kuwa ya fundi. Huyachukua kwa ncha za vidole na kuyasugua ndani ya unga, taratibu, mpaka lisibaki bonge hata moja na unga wote ushikamane kidogo ukifumbatwa kiganjani kama mchanga wenye umande. Mafuta yakishaifunika kila chembe ya unga, maji hayawezi kuufanya unga ukakamae kama wa mkate. Mtu akiiharakisha hatua hii, hakuna kukanda kutakakomwokoa baadaye. Kisha huja maji, kidogo kidogo, mkono mmoja ukimimina na mwingine ukikusanya.

Hukanda kwa dakika kama kumi, halafu hufunika bakuli kwa kitambaa na kuketi. Kupumzisha kinyunya ni nusu ya kazi, husema. Baada ya nusu saa hukikata madonge, ambayo kwao huitwa testali, na kuyaviringisha moja moja kati ya kidole gumba na kiganja mpaka ngozi ya donge iwe laini bila ufa. Hayo nayo hufunikwa yakapumzika tena. Mara ya kwanza nilidhani amechoka. Sasa najua kwamba donge lisilopumzika hurudi nyuma kila ukilivuta, na ukilishurutisha litachanika. Likipumzika vya kutosha, linakwenda unakolipeleka.

Tortila ndogo huzisukuma kwa fimbo. Kubwa hazijui fimbo. Sonora ni nchi ya tortila iitwayo sobakera, pana kuliko sinia, nyembamba hata mwanga upenye, na jina lake limetokana na neno la kwapa kwa sababu hutandazwa juu ya mkono wa mpishi kuelekea huko juu. Donge hubanwa bapa, kisha hurushwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na kila linapotua uzito wake wenyewe hulipanua. Vidole havishiki, vinapokea tu. Ninapomtazama nakumbuka wavuvi wa kwetu wanavyokunjua wavu: mkono unajua mahali ambapo uzi ni dhaifu kabla jicho halijapaona.

Basi, hayo yote huko Hermosillo hakuyajua.

Aliniambia jambo hilo siku moja, na limekaa moyoni mwangu kuliko mengine yote. Kwao tortila zilinunuliwa jirani, zingali na moto. Mama yake alizijua, bibi yake alizijua zaidi, yeye alitumwa tu kuzileta. Alianza kuzipika akiwa na miaka thelathini, katika chumba kimoja hapa Berlin, akiwa na ladha iliyokamilika mdomoni na mikono isiyojua lolote. Hamu ndiyo iliyokuwa mwalimu wake, tena mwalimu mkali. Kitabu kitakwambia unga kiasi gani, lakini hakitakwambia, "Hii siyo." Mdomo wake ulimwambia hivyo kwa miaka miwili.

Unga ulikuwa mtihani wa kwanza. Ujerumani huuza unga wa ngano kwa namba, 405, 550 na kuendelea, na mgeni hudhani namba kubwa ni unga wenye nguvu zaidi. Kumbe namba ile hupima madini, yaani majivu yanayobaki unga ukichomwa. Kama unga utavutika au utakatika, namba haikwambii sawasawa. Sonora ilijulikana zamani kwa ngano nyeupe laini ambayo pamoja na ulaini wake huvutika vizuri. Hapa ilimbidi ajaribu mfuko baada ya mfuko. Wa 405 ulikuwa laini lakini ulimchanikia mkononi. Unga wa mkate ulirudi nyuma kama mpira. Mwishowe alichanganya, akapunguza maji, akaongeza muda wa kupumzisha. Yote aliyaandika katika daftari la shule ambalo bado analo, kurasa zake zimeingia mafuta: tarehe, unga gani, maji kiasi gani, dakika ngapi, na mwisho wa kila mstari neno moja. Kurasa nyingi za mwanzo neno hilo ni "hapana".

Bamba la kupikia lilikuwa mtihani wa pili. Sobakera haiivi kwenye kikaango. Inataka chuma kilichobinuka mgongo kama karai lililogeuzwa, ili ukingo wa tortila uning'inie bila kujikunja. Alikipata alikokuwa akipita kila siku, katika duka la Waturuki, kikiwa kimesimamishwa ukutani karibu na birika za chai. Waturuki hukiita sachi, nao hukipikia mikate yao myembamba. Mwenye duka alimwuliza kama anajua kukitumia. Akamjibu kwamba amekitafuta miaka sita.

Duka hilohilo ndilo lililomtatulia pilipili. Mchuzi mwekundu wa Sonora hutengenezwa kwa pilipili ndefu zilizokaushwa, ambazo ukali wake ni mdogo na ladha yake ni nzito. Huondolewa vikonyo na mbegu, zikapashwa kidogo kwenye chuma, zikalowekwa, zikasagwa na kuchujwa, kisha mchuzi ukashikwa na unga uliokaangwa kwa mafuta. Akirudi nyumbani hujaza sanduku. Sanduku likiisha, hutumia pilipili nyekundu za Waturuki na kuongeza unga wa paprika ya Wahungari, akionja baada ya kila kijiko. Hilo lisimshangaze mtu. Pilipili zote hizo asili yake ni Amerika. Zilivuka bahari, zikapita katika himaya ya Waturuki, zikafika Hungaria. Ni mbegu zilizohamia ugenini zikabadilika, naye anazirudisha kwenye chungu cha kwao.

Lakini mama huyu hakubali kila mbadala. Majira ya joto huchoma nyama katika kibustani chake, ile wanayoiita karne asada, vipande vyembamba vya ng'ombe juu ya makaa, chumvi peke yake. Kwao makaa hayo hutokana na meskite, mti wa jangwani wa jamii moja na mathenge, ule ulioenea Baringo na Turkana, ambao wafugaji wa Kenya wameulalamikia sana kwa kumeza malisho. Hapa makaa hayo hajayapata. Huuzwa chupa za maji yenye harufu ya moshi, na kuna aliyempa moja kama zawadi. Alishukuru, akaiweka. Nyama yake huchoma kwa makaa ya hapa na kuila kama nyama ya hapa, nzuri kwa namna yake. Kujua kipi kina mbadala na kipi hakina, mimi naona huko ndiko kukomaa kwa fundi.

Kuna wanaosema kwamba chakula cha kwenu ukikipika ugenini kinakuwa kivuli. Mpaka ule wa Meksiko na Marekani, wenye urefu wa kilomita zaidi ya 3,100, unawapinga. Mwaka 1848, baada ya vita kati ya nchi hizo mbili, karibu nusu ya nchi ya Meksiko ilikwenda Marekani, na kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 1853 ikafuata sehemu nyingine, pamoja na mji wa Tucson uliokuwa ndani ya Sonora. Wapishi wa Tucson wakajikuta ughaibuni bila kutoka jikoni mwao. Waliendelea kupika, na mwaka 2015 UNESCO iliutambua mji huo kuwa jiji la ubunifu wa upishi. Saladi ya Caesar ilizaliwa Tijuana, mji wa Meksiko ulio mpakani, katika miaka ya 1920, katika mkahawa wa Caesar Cardini, mhamiaji kutoka Italia. Miaka ya 1940, huko Piedras Negras, wake wa wanajeshi wa Marekani walivuka mto wa mpakani wakaingia mkahawani na mpishi hakuwepo. Mhudumu Ignacio Anaya akachukua vipande vya tortila vilivyokaangwa, jibini na pilipili za siki, akavipasha. Kwa kuwa Ignacio kwa kifupi ni Nacho, leo dunia nzima inakula nacho.

Chakula cha mpakani tangu mwanzo kilipikwa na watu waliokosa kitu wakatafuta njia. Anayesimama Berlin na unga wa 405 mkononi, akitafuta njia, anaifanya kazi ileile ya bibi zake waliopewa ngano wakati wao walizoea mahindi. Tofauti kati yake na mbabaishaji ni uvumilivu. Mbabaishaji huridhika mapema.

Jumamosi ya kwanza aliponialika, niliogopa kumwuliza kuhusu mafuta. Nilijua kwamba kwao mafuta ya nguruwe ni ya kawaida, nami ni Mwislamu. Niliketi nikitafuta maneno. Akafungua kabati akatoa kopo la samli, jipya, bei ya duka la Wahindi bado imebandikwa juu yake. Aliniambia kwamba Sonora ni nchi ya wachunga ng'ombe, na mafuta ya ng'ombe yameingia kwenye tortila tangu zamani, kwa hiyo samli si mgeni mkubwa. Halafu akakiri kwamba siku tatu zilizotangulia alikuwa akifanya majaribio. Siagi ilikuwa na maji ndani yake na iliungua haraka. Mafuta ya alizeti yalikifanya kinyunya kizito. Samli ilikubali, ila ilitaka maji yapungue kidogo. Alinionyesha daftari. Mistari mitatu ya "hapana", na wa nne, wa jana yake usiku, "ndiyo".

Tortila ilipotua kwenye chuma ilibaki tuli kwa muda mfupi, kisha ikaanza kuvimba hapa na pale, mapovu yakipanda na kupata madoa ya kahawia juu yake. Aliigeuza mara moja, kwa vidole. Akaikunja na kuilaza ndani ya kitambaa ili mvuke wake wenyewe uilainishe. Ya kwanza alinipa mimi, tupu, bila maharage wala nyama. Ilikuwa na harufu ya ngano iliyoguswa na moto na ya samli, na ilikuwa laini hata ikanyamazisha meza. Sikuijua Hermosillo, lakini nilielewa kilichomnyima mtu usingizi miaka miwili.

Mwezi uliopita aliniomba nami nimpikie. Mimi pia chapati nyumbani sikuzipika, kwa kuwa Tanga kila asubuhi ziko kwa mama ntilie, moto, karibu na chai. Nimejifunza huku, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la chumvi na mama yangu akinielekeza kutoka upande wa pili. Nilikanda, nikapumzisha, nikasukuma, nikapaka mafuta, nikaviringa kama konokono, nikapumzisha tena. Jirani yangu alisimama pembeni mikono nyuma. Hakuigusa kazi yangu wala hakunisahihisha. Chapati ya kwanza ilipotoka aliichana, akazitazama tabaka zake kwenye mwanga wa dirisha, akatafuna polepole.

Kisha akavuta kiti karibu, akafungua daftari ukurasa mpya, akaandika tarehe.

"Maji yako," akaniuliza, "yana moto kiasi gani?"

Nilichovya kidole, nikamsogezea bakuli achovye chake.