Magari Yaliyosalia Ghalani

Mtu akilifungua ghala la mchezo wa mbio za magari wa kompyuta, yaani ile folda ambamo watengenezaji waliyapanga magari yao kabla ya kuukabidhi mchezo kwa wauzaji, aghalabu atakuta humo vitu vingi kuliko vile alivyoonyeshwa mchezoni: magari kamili yenye taa, vioo na rimu ambayo hakuna mchezaji aliyepewa ufunguo wake, bampa na spoila zisizofungwa katika gari lolote, na majina matupu yaliyotiwa katika orodha yakasubiri mwili usije. Wengi huyahesabu mabaki hayo kuwa ni taksiri ya watu wazembe walioshindwa kufagia karakana yao, na hucheka wakapita. Mimi siafikiani nao, kwa kuwa gari lililokamilika huificha kazi iliyolifanya, likasimama mbele yetu linang'aa kana kwamba halikuzaliwa bali lilishuka, ilhali gari lililoachwa njiani hutuonyesha mkono wa fundi ukiwa bado kazini, na hukumu yake pale alipoona kuwa afadhali kuacha.

Nitatoa mfano wa karakana moja, maana sifa isiyo na mwenyewe ni upepo. Huko Vancouver, Kanada, palikuwa na kampuni iliyoitwa Black Box, iliyoanzishwa mwaka 1998 na kununuliwa na Electronic Arts mwaka 2002, ambayo ndiyo iliyoutoa mchezo wa Need for Speed: Underground mwaka 2003, Underground 2 mwaka 2004 na Most Wanted mwaka 2005, michezo mitatu kwa miaka mitatu mfululizo, kila mmoja na mji wake usiokuwamo katika ramani yoyote ya dunia, Olympic City, kisha Bayview, kisha Rockport. Wasomaji wa umri fulani wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi hawahitaji kuelezwa habari za miji hiyo, kwani waliizunguka usiku na mchana katika vibanda vya PlayStation 2, wakilipia muda wao kwa sarafu, na pengine waliijua mitaa ya Rockport kuliko mitaa ya kata ya pili. Wanalikumbuka lile BMW M3 GTR la rangi ya fedha na buluu ambalo mpinzani aitwaye Razor anamdhulumu mchezaji mwanzoni mwa Most Wanted, na wanakumbuka jinsi ilivyowabidi kuanza tena na Fiat Punto au Chevrolet Cobalt, wakipanda daraja moja baada ya jingine katika orodha ya wapinzani 15 hadi kulirudisha mikononi. Walivyokuwa hawavijui ni vilivyolala chini ya mitaa hiyo.

Ni kazi gani, basi, kuliunda gari la namna ile? Mashine ya PlayStation 2 ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32 tu, na ndani ya nafasi hiyo finyu ilipasa kuenea barabara, majumba, taa za usiku, mvua, sauti, wapinzani na polisi wote pamoja. Fundi aliyekabidhiwa gari la Nissan 240SX hakuweza kulichonga kwa kadiri ya mapenzi yake. Alipewa idadi ya pembetatu, kwa maana umbo la gari katika kompyuta si chuma wala udongo bali ni wavu wa pembetatu zilizounganishwa, naye alitakiwa kuzitumia kwa ubahili wa mtu agawaye maji jangwani, nyingi kwenye mkunjo wa boneti ambapo jicho hukaa, chache kwenye sakafu ambayo haitaonekana. Akiisha kulimaliza gari moja, hakuwa amemaliza. Ilimlazimu kulifanya tena kwa pembetatu chache zaidi, ili lionyeshwe likiwa mbali kidogo, na tena kwa chache zaidi ya hizo, hata likafikia kuwa kama kisanduku chenye taa mbili, kwani gari lililo mwisho wa barabara halina haki ya kula nafasi sawa na lililo mbele ya macho. Kila sehemu ikapewa jina lake kwa utaratibu usiobadilika: 240SX_KIT00_BODY_A ni bodi ya asili kwa ubora wa kwanza, na herufi zinazofuata ni zile nakala za mbali. Hiyo KIT00 ni gari kama lilivyotoka kiwandani. Nyuma yake huja bampa za aina nyingine, boneti nyingine, sketi za pembeni na mabawa ya nyuma, na kila kimoja lazima kikae barabara pamoja na kila kingine, kwa sababu mchezaji atachanganya apendavyo wala hataomba ushauri. Anayefikiri kuwa hii ni kazi ya kitoto na ajaribu kuioanisha bampa moja na boneti tano.

Sasa fikiri kwamba gari hilo limekwisha, na wiki chache kabla ya kufunga kazi amri inatoka kwamba halitakuwamo. Kwa nini wasilifute? Kwa sababu gari katika mchezo si kitu kimoja. Umbo lake liko mahali pamoja, picha za rangi yake mahali pengine, nguvu ya injini katika jedwali la tatu, mlio wake katika la nne, bei yake katika orodha ya duka, jina lake limeandikwa kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa, na pengine kuna mpinzani fulani, katika mbio fulani, aliyeahidiwa kuliendesha. Ukiling'oa umbo ukasahau ahadi moja tu kati ya hizo, mchezo utafika mahali utalitafuta gari usilione, nao utaganda mbele ya mteja aliyelipa fedha yake. Mshona kanzu huuacha upindo ndani ya mshono, hata kama kitambaa hicho hakitaonekana kamwe, kwa sababu akikikata karibu mno uzi utafumuka. Ndivyo afanyavyo mtengenezaji wa mchezo, hulificha gari badala ya kulitoa, hulifungia mlango wa duka na kuliacha ghalani lilivyo. Diski ya DVD huchukua gigabaiti 4.7, na gari moja ni megabaiti chache. Gharama ya kuliacha ni ndogo, hatari ya kuliondoa ni kubwa, na mwenye akili huchagua lililo salama. Huo si uvivu hata kidogo. Katika Gran Turismo 2 ya mwaka 1999, ambayo si mchezo wa mbio za mitaani kama ile ya Black Box lakini inafaa kutajwa hapa, aina moja ya mbio iliondolewa na hesabu ya maendeleo ikaendelea kuihesabu, hata wachezaji wa toleo la kwanza la Marekani wakajikuta wameshinda kila kitu na bado wameandikiwa asilimia 98.2. Hayo ndiyo malipo ya kutoa kitu bila ya kufuata nyuzi zake zote.

Mara nyingi mwenye kuamuru gari litoke si fundi wala msimamizi wake, bali ni leseni. Gari la mchezo wa aina hii lina baba wawili, aliyelichonga katika kompyuta na kampuni iliyoliunda kwa chuma, na huyo wa pili ana neno la mwisho. Katika Underground 2 wachezaji wa Ulaya walipewa Peugeot 106 na Opel Corsa, na wale wa Marekani Kaskazini wakapewa Honda Civic na Acura RSX, kila bara likipikiwa kwa ladha ya barabara zake. Lakini waliokuwa na nakala ya kompyuta waligundua kwamba kwa kulibadilisha neno moja la eneo katika rejista ya Windows, magari ya ng'ambo hujitokeza dukani kana kwamba yalikuwapo siku zote. Na kweli yalikuwapo. Nissan, ambayo Skyline na 350Z zake zilikuwa roho ya michezo miwili ya Underground, haionekani kabisa katika Most Wanted mwaka mmoja tu baadaye; na mwaka 2019 Toyota ya Uingereza ilitangaza hadharani kwamba magari yake yatafutwe katika Gran Turismo Sport, wala si katika michezo inayoyatukuza mashindano haramu ya mitaani. Hoja yao ina insafu, nami siwalaumu wauza magari kwa kulinda jina lao. Ila namwonea huruma fundi ambaye miezi yake ya kazi hufungiwa kabatini kwa barua ya wakili, na namsifu zaidi kwa kuwa alama za barua hiyo hazionekani katika mchezo uliobaki.

Kuna kundi jingine ambalo si mabaki kwa maana kamili, bali ni watumwa wa mchezo: magari yaliyoundwa yaonekane, yasiendeshwe. Katika folda ya magari ya Most Wanted, pamoja na Lamborghini na Porsche, yamo COPMIDSIZE, COPGTO, COPSUV, na COPCROSS ambalo ni Corvette ya Sajini Cross, askari wa polisi wa mchezo huo. Yamo pia magari ya njiani, teksi na gari la taka na lori la kuchanganya zege, ambayo kazi yake ni kumzibia mchezaji barabara pale anapojiona mshindi. Hayana duka, hayana bei, hayana bampa za kubadilisha. Lakini yatazame kwa utulivu, na hakuna mchezaji aliyeyatazama kwa utulivu kwa kuwa alikuwa akiyakimbia, utaona kwamba aliyeyachonga alijua gari la taka hubeba uzito wake nyuma, na kwamba gari la polisi lililochakaa husimama tofauti na lile jipya la serikali kuu. Hakuna tuzo inayotolewa kwa lori la zege. Mimi ningeitoa.

Inafaa pia kuwasifu wanaoyafukua mabaki haya, kwa kuwa kazi yao ni sanaa yenye ugumu wake. Michezo ya Black Box haikutunza majina mengi ya vitu vyake kama maneno. Ilitunza namba iliyotokana na neno, kwa hesabu ambayo hulisaga jina na kutoa namba moja, wala hakuna njia ya kuirudisha namba hiyo iwe neno tena. Mdadisi akiikuta namba asiyoijua, inampasa akisie: aandike jina, alisage, alinganishe, likikataa, aandike jingine. Huanza na majina ya magari ya zamani, kisha vifupisho ambavyo watengenezaji walivipenda, kisha makosa ya tahajia ambayo huenda yalifanywa usiku wa manane; na siku namba inapokubali, ndipo hujulikana kwamba kile kilichodhaniwa takataka ni sehemu ya gari lenye jina. Kazi hii imezaa programu kama NFS-VltEd, ambayo kwayo majedwali ya Most Wanted husomeka kama daftari la karani, na programu hizo hazikutengenezwa kwa mshahara wa mtu yeyote. Ni subira ya wanazuoni wa hati za kale, iliyohamia kwa vijana waliokuwa wakitafuta gari la polisi la kuendesha.

Si kila kinachofukuliwa ni johari, na hapa napenda kuwapunguzia mori baadhi ya mashabiki. Jina tupu katika orodha halithibitishi kuwapo kwa gari. Pengine ni nafasi iliyoshikwa kwa ajili ya majaribio, au ni urithi wa mchezo uliotangulia, maadam mafundi wanaotoa mchezo kila mwaka hawaanzi kwa ukurasa mweupe bali hujenga juu ya msingi wa jana, na vumbi la jana huja pamoja na msingi huo. Kuna pia wanaotia magari yao wenyewe mchezoni kisha wakayaita magari ya siri yaliyofichwa na kampuni. Mwenye kupenda ukweli wa sanaa hii hana budi kupambanua kilichoachwa na fundi, kilichorithiwa, na kilichopandikizwa baadaye. Na kuvichanganya vitatu hivyo ni kumdhulumu fundi mara ya pili, baada ya leseni kumdhulumu mara ya kwanza.

Black Box ilifungwa mwaka 2013, na mafundi wake wakatawanyika. Mwezi Mei mwaka 2021 Electronic Arts iliondoa katika maduka ya mtandaoni Need for Speed Carbon, Undercover, Shift, Shift 2 Unleashed na The Run, na mwezi Agosti ikazima seva za michezo hiyo. Karatasi za kazi na michoro ya mwanzo ya karakana kama hiyo haziwekwi hadharani. Kwa sisi tulio nje, kumbukumbu ya jinsi magari yale yalivyoundwa, yakapunguzwa, yakafichwa, imebaki ndani ya diski zilizokwisha kuuzwa, nyingi zikiwa zimekwaruzika, na hata zile nakala za mitaani zilizoondolewa video na muziki ili zienee katika diski ndogo huenda zina magari ambayo hayakuguswa. Msomaji aliye na diski ya namna hiyo katika droo, ya Underground 2 au ya Most Wanted, na asiitupe kabla ya kuinakili yote, pamoja na ile folda ya magari.