Mama wa Kambo katika *Nyota ya Rehema*: Usomaji kutoka Bunia

Makala haya yanakusudia kumchunguza mhusika ambaye uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kumpita haraka, yaani mama wa kambo. Aghalabu atajwapo husemwa kuwa ni katili, akawekwa katika kundi la wahusika bapa, na mjadala ukaishia hapo. Tutaitazama riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed, *Nyota ya Rehema* (1976), na tutaisoma kama inavyosomwa na wanafunzi wa Bunia, mji ambao wanawake wengi wamejikuta mama wa kambo bila kutazamia. Hoja yetu ni kwamba riwaya inatupa ushahidi wa kutosha wa kumhukumu baba, lakini mazoea ya lugha na ya ngano hutufanya tumhukumu mke wake peke yake.

Jina na mazoea

Tuanze na jina lenyewe. Mzazi huzaa na mlezi hulea. Majina hayo mawili yametokana na vitenzi, na kila mmoja hujulikana kwa tendo lake. Neno *kambo* halina kitenzi. Hufuata tu mama, baba au mtoto, na humweka mtu pembeni mwa uhusiano ambao wengine wamo ndani yake. Mwanamke huwa mama wa kambo kwa tendo la mtu mwingine, yaani mwanamume aliyezaa kwingine kisha akamwoa yeye. Kifaransa cha shuleni kwetu hakina nafuu: *belle-mère* ni mama mkwe na pia ni mama wa kambo, na *marâtre* limekwisha kuwa tusi. Kiswahili cha nyumbani kina njia nyingine. Mtoto hufundishwa kumwita mke wa baba yake *mama mdogo*, jina lilelile analomwita mdogo wa mama yake mzazi. Jina hilo humwingiza mwanamke katika ukoo, ingawa halisemi lolote juu ya namna alivyoingia.

Methali nazo zimegawanyika. Moja yasema *uchungu wa mwana aujuaye mzazi*, na kwa kauli hiyo mlango umefungwa: asiyezaa hawezi kuujua uchungu huo. Nyingine yasema *kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana*, na hapo sifa yote imewekwa katika malezi. Ngano zetu zimefuata methali ya kwanza. Ndani yake mtoto wa kambo hupewa ukoko, hutumwa kuni na maji, naye mama wa kambo huadhibiwa mwishoni. Baba hutoka asubuhi na kurudi jioni, na msimulizi hamwulizi kitu.

Mtaa na sheria

Mwanafunzi aliyekulia katika mtaa kama Saio huifikia riwaya akiwa na ngano hizo kichwani, lakini pia ana mambo aliyoyaona kwa macho yake. Mtaani mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Tuchukue mfano wa mwanamke aliyeolewa miaka sita, ambaye majirani wote humwita mama wa binti yake. Jioni moja ndugu za mume wanamleta mvulana wa miaka kumi, aliyezaliwa kabla ya ndoa na ambaye mke hakuwahi kuambiwa habari zake. Kesho yake habari imefika bombani, sokoni na kanisani. Je, mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo ni nani sasa? Mwanamke atabaki na jina lake, au atapewa jingine? Akimtuma mtoto maji, husemwa kuwa anamtesa. Asipomtuma, husemwa kuwa amemtenga na wenziwe. Mtaa wote huchungulia sahani ya mvulana, na hakuna anayemwuliza mume kwa nini alinyamaza miaka sita.

Suala hili lina upande wa sheria pia. Kanuni ya Familia ya nchi yetu, iliyotangazwa mwaka 1987, inataka kila mtoto wa Kongo awe na baba, na inakataza mtu kumpuuza mtoto wake, awe wa ndoa au wa nje ya ndoa. Katika urithi, watoto wa ndoa na wale wa nje waliotambuliwa na baba alipokuwa hai wamewekwa pamoja katika daraja la kwanza, ilhali mjane yumo katika daraja la pili. Sheria hiyo ni njema kwa mtoto, na hatuna nia ya kuipinga. Tunasema tu kwamba mvulana aliyeletwa jioni ile ameingia pamoja na swali la kiwanja na nyumba, na kwamba mwanamke hulijua swali hilo hata kama hakuna anayelitamka.

Vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003, na mauaji yaliyozuka tena wilayani Djugu kuanzia mwisho wa 2017, vimewaleta Bunia watoto wengi ambao mama zao hawapo tena. Wapo waliofika kwa baba na kumkuta ana mke mwingine.

Adila na Fuad

Kwa macho hayo tumrudie Adila. Yeye ni mke wa Fuad na mama wa kambo wa Rehema, ambaye mama yake mzazi, Aza, amekwisha kufa. Usimulizi unamwelekea Rehema, na huruma ya msomaji inamfuata yeye. Kifani jambo hilo ni sahihi, kwani bila hiyo tusingeielewa sababu ya binti kuikimbia nyumba ya baba yake. Lakini kwa kuchagua hivyo, riwaya haikai moyoni mwa Adila. Twaona anayotenda, hatuoni siku aliyokabidhiwa mtoto wa mwenziwe, wala neno aliloambiwa na mumewe siku hiyo.

Wanafunzi wakiulizwa ni nani aliyeyaharibu maisha ya Rehema, wengi hujibu: Adila. Jibu hilo halikubaliani na msuko wa riwaya. Kama chanzo cha maafa kingekuwa roho ya mwanamke mmoja, maafa yangekoma pale Rehema alipotoka katika nyumba yake. Hayakukoma. Baadaye Rehema anaolewa na Sulubu, wanaishi kwa jasho lao shambani, na Fuad anapofariki ardhi hiyo inageuka kuwa chanzo cha ugomvi na msiba. Kinachomwandama Rehema kutoka nyumbani hadi shambani ni mali ya Fuad na ubaguzi wa rangi na nasaba uliomfanya Fuad asimpe binti yake mapenzi wala ulinzi wa baba. Adila aliukuta mpango huo, akaushika, akautumia. Hakuuanzisha yeye.

Huenda msomaji akapinga kwamba usomaji huu unamsafisha mtesaji, na kwamba ngano za mama wa kambo mkatili zilitungwa kuwalinda watoto. Pingamizi hilo lina uzito. Mateso ya Rehema ni mateso, na Adila anawajibika kwa aliyoyatenda. Hata hivyo, onyo linalomhusu mtu mmoja tu halimlindi mtoto, kwa sababu linamwacha baba aendelee kunyamaza. Mvulana wa mfano wetu angelindwa vizuri zaidi kama mtaa ungezichungulia kauli za baba yake kama unavyoichungulia sahani yake.

Hitimisho

Tunapendekeza kwamba walimu wanaofundisha riwaya hii wasianze na swali la wema au ubaya wa Adila. Waanze na maswali matatu: ni nani aliyeamua mwanamke huyu awe mama wa mtoto huyu, alijulishwa lini, na mali ya nyumba ilikuwa mikononi mwa nani? Maswali hayo yanaweza kuulizwa pia juu ya ngano, na majibu yake yatawapa wanafunzi kazi ya uhakiki iliyo pana kuliko kupanga wahusika katika makundi ya wema na wabaya. Kwa waandishi chipukizi wa Ituri, hapa pana kisa ambacho bado kinamngoja mtunzi: jioni ile ya mvulana kuletwa, ikisimuliwa na mwanamke aliyefungua mlango.