Mgogoro wa Ushairi: Hoja Zilizokosa Msikilizaji

Diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974, suala lililotawala mjadala halikuwa iwapo mashairi yake ni mazuri au mabaya, bali iwapo ni mashairi au si mashairi. Tofauti ya masuala haya si ndogo. Anayeuliza la kwanza hana budi kuisoma diwani. Anayeuliza la pili aweza kuutazama ukurasa tu, akahesabu mizani, akakifunga kitabu.

Wanamapokeo walikitegemea sana kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi. Kiini cha nadharia yake ni kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika halina maana. Dai hili ni zito kuliko wafuasi wake walivyolichukua. Wao walishika matawi, yaani vina na mizani, wakaliacha shina, ambalo ni kuimbika. Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Machakos tuna sababu ya kulikumbuka shina hilo. Nyimbo za kilumi za Wakamba huongozwa na mwimbaji na kuitikiwa na kundi, ngoma ikishika mapigo. Hazidai kina cha kati wala cha mwisho, na sidhani yuko Mkamba atakayekubali kuambiwa kwamba haziimbiki. Basi kuimbika hakulazimishi vina. Hoja ya Amri Abedi, ikifuatwa hadi mwisho wake, yawafungulia mlango wale wale waliofungiwa kwa jina lake. Iwapo mashairi ya Kichomi yaimbika ni jambo jingine. Nakiri kwamba baadhi yake nayasikia yakisemwa kuliko kuimbwa. Lakini hilo ndilo lililopasa kujadiliwa.

Upande wa pili nao haukuwa na masikio bora. Wako wanamabadiliko walioviita vina na mizani pingu, tena pingu za kigeni. Wasemao hivyo wana deni la kuieleza Sauti ya Dhiki (1973). Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi?, aliyatunga mashairi yale gerezani kati ya 1969 na 1972, kwa arudhi alizozirithi Mombasa. Kama arudhi ni pingu za fikira, ni ajabu kwamba mfungwa ndiye aliyezichagua ili aseme aliyozuiwa kusema. Mulokozi na Kahigi, katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979), walikuwa waangalifu zaidi: walikana kwamba vina na mizani ndiyo roho ya ushairi, pasipo kumnyang'anya mtunzi haki ya kuvitumia.

Ajabu ni kwamba mahasimu hawa walikubaliana katika kosa moja. Wote walilitwaa shairi la mishororo minne, lenye mizani kumi na sita, kuwa ndilo ushairi wa Kiswahili mzima. Hawa wakalilinda, wale wakalivunja. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), aliorodhesha bahari nyingi, zikiwamo wawe za wakulima, kimai cha mabaharia na utumbuizo, ambazo kipimo hicho hakizitoshi. Tungo hizo zilikuwapo muda wote wa ugomvi, zikiimbwa mashambani na baharini. Nasi darasani tungali twamwuliza mwanafunzi idadi ya mizani kabla ya kumwuliza alichokisikia.