Asiyetegua Hutoa Mji: Picha na Masimulizi Yake Katika Uluguru

Katika mchezo wa vitendawili, mtegaji huita "Kitendawili!" na wenzake hujibu "Tega!" Wakishindwa kutegua hudaiwa mji, na wakishautoa ndipo hufumbuliwa. Wengi wetu tuliucheza mchezo huu utotoni bila ya kujiuliza kwa nini malipo ya kutojua yawe mji mzima, wala yasiwe kuku au embe. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha ya kwamba picha nayo ni kitendawili, na kwamba jamii isiyojitegulia picha zinazowekwa mbele ya macho yake hutoa mji kweli kweli. Ushahidi wetu tutautafuta kwanza katika milima ya Uluguru, na kutoka huko tutatazama taifa zima.

Kwa neno picha tunakusudia kila umbo linalosimulia kwa njia ya macho, liwe sanamu, filamu, au hata sura ya nchi yenyewe. Waluguru walisoma maumbo zamani kabla ya kuja kwa kitabu. Matombo, mashariki ya milima, ni jina lenye maana ya maziwa ya mama, na husemwa kuwa lilitokana na majabali yenye umbo hilo. Kwa watu wanaohesabu ukoo na kurithi ardhi kwa upande wa mama, jina kama hilo si mzaha. Ni kauli juu ya nani aliyewazaa na nani mwenye nchi.

Tuanze na mwana hiti. Hiki ni kisanamu kidogo cha mti kinachojulikana kwa Waluguru, Wazaramo, Wakwere, Wakaguru na majirani zao. Kina kichwa chenye shungi, mara nyingi mbili, kiwiliwili kama kipande cha gogo, maziwa na kitovu. Mikono hakina, miguu hakina, na uso wake umedokezwa tu. Mgeni akikitazama atadhani mchongaji alichoka kabla ya kumaliza kazi. La hasha. Kisanamu hiki hakikuchongwa kwa ajili ya kutazamwa peke yake, kilichongwa kitunzwe. Mwali alipokuwa ndani alikipaka mafuta na kukilea kama mtoto, naye mwenyewe papo hapo alikuwa akilelewa na wakubwa wake. Kwa hiyo yale yaliyoachwa na patasi yalijazwa na mikono ya mwali, nyimbo za wanawake na maneno ya kungwi. Tena umbo hilo hilo huonekana juu ya fimbo za wakubwa, na kwa Wazaramo hata juu ya makaburi. Picha moja imemfuata mtu tangu ujana hadi kaburini, na kila mahali imeulizwa upya.

Leo visanamu vingi vya namna hii vimo katika makumbusho na nyumba za matajiri wa Ulaya na Marekani, navyo mara nyingi huitwa wanasesere wa uzazi. Hatusemi kwamba jina hilo ni uongo mtupu. Twasema kwamba ni jibu la kitendawili lililotolewa na mtu ambaye hakuwapo kilipotegwa. Aliyekipanga kisanamu ndani ya kabati la kioo amekihifadhi kisiliwe na mchwa, lakini amekiondolea mlezi, wimbo na nyumba. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeitumikia serikali ya kikoloni, alikusanya vinyago vya udongo vilivyotumika katika unyago wa makabila mbalimbali ya Tanganyika, na mwaka 1956 akatoa kitabu juu yake. Lazima tumpe haki yake, kwani hakuridhika na udongo. Aliandika pia nyimbo, na akaonyesha kuwa kila kinyago kilikuwa na funzo lake. Kazi yake yathibitisha hoja yetu. Ondoa wimbo, na kinachobaki mkononi ni bonge la udongo lililokaushwa.

Hapa hatuna budi kukiri shida iliyotukabili sisi wenyewe. Mafunzo ya unyago ni siri ya wenyewe. Mhakiki anayelalamika kwamba sanamu zimenyang'anywa maneno yake, kisha akayamwaga maneno hayo katika kitabu kinachouzwa dukani, ana tofauti gani na mnyang'anyi wa kwanza? Kwa sababu hiyo tumeishia mlangoni. Wala hatudai wasichana warudishwe ndani kwa miezi na miaka, maana tunajua jinsi desturi hiyo ilivyowakosesha wengi masomo na kuwaharakisha katika ndoa. Tunachodai ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: tujifunze ile kanuni iliyokuwamo, kwamba haifai kumwonyesha mtu picha bila ya kumpa mtu wa kumfundisha, na bila ya kumpa yeye mwenyewe kazi ya kufanya.

Jambo hili lina uzito gani nje ya nyumba ya mwali? Tutazame milima yenyewe. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliendesha katika Uluguru mpango wa matumizi ya ardhi uliowalazimisha wakulima kuchonga matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kwa macho ya mtawala, mlima uliokatwa ngazi ulikuwa picha safi ya maendeleo: udongo umezuiwa, mistari imenyooka, kazi imeonekana. Mkulima aliyesimama juu ya ngazi hiyo aliona picha nyingine. Aliona udongo mzuri umefukiwa na ule usiozaa umefunuliwa juu, siku zake za kazi zimechukuliwa, na huenda kesho shamba la ukoo litachukuliwa vilevile. Mwezi wa Julai mwaka 1955 ubishi huo uligeuka ghasia huko Matombo, polisi wakapiga risasi, na mtu akafa. Mpango ukaporomoka. Lakini mtu asidhani kwamba Waluguru waliichukia ngazi kwa kuwa ni ngazi. Upande wa magharibi, huko Mgeta, matuta ya ngazi yanaonekana mpaka leo yamejaa mboga zinazoteremshwa sokoni Morogoro na Dar es Salaam, kwa sababu huko mkulima alikuta faida yake mwenyewe ndani yake. Umbo lilikuwa moja, maana zikawa mbili. Palipolazimishwa maana moja, damu ilimwagika.

Sinema iliingia nchini kwa mlango huo huo wa amri. Kati ya mwaka 1935 na 1937 jaribio la sinema za mafunzo liliendeshwa kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara. Picha zilipigwa hapa hapa Afrika ya Mashariki, maelezo yakatiwa katika santuri, na lori likazunguka na vyombo vyake. Mtazamaji aliambiwa aone nini na aelewe nini. Katika miaka ya 1950 ikaja Muhogo Mchungu, filamu ya Kiswahili ya mtu wa shamba anayefika mjini akadanganywa. Mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Basi yule aliyevikwa ujinga wa mshamba kwenye kitambaa cheupe ndiye aliyekuja kushika serikali. Historia ilikitegua kitendawili kile kwa jibu ambalo watengenezaji wake hawakulitazamia.

Baada ya uhuru tulijitengenezea vyombo vyetu. Shirika la Filamu likaundwa mwaka 1968, Zanzibar ikapata televisheni mapema miaka ya 1970, na Bara mwaka 1994. Leo juu ya kilele cha Bondwa imesimama milingoti ya mawasiliano, na kijana wa mlimani huona katika simu yake picha nyingi kwa siku moja kuliko alizoziona babu yake maishani. Walakini wananchi hawakukaa kimya mbele ya picha za watu. Katika vibanda vya video walizuka wasimulizi, mashuhuri miongoni mwao akiwa yule aitwaye Lufufu, waliozifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili huku wakiongeza mizaha, methali na maonyo ya kwetu. Wasomi fulani waliwacheka, wakisema wanaharibu kazi za watu. Sisi twaona kwamba wasimulizi hao, pamoja na kasoro zao, walishika nafasi iliyokuwa wazi. Walikataa picha ipite bila ya kuulizwa.

Ushauri wetu ni huu. Shule zetu zifundishe kuisoma picha kama zinavyofundisha kulisoma shairi: nani ameipiga, amesimama wapi, na nini amekiacha nje. Makumbusho yetu yawaite wanawake wa Uluguru, yawasikilize, nao wenyewe waamue lipi lielezwe na lipi libaki nyumbani. Na watengenezaji wa filamu wasiogope kumwachia mtazamaji kiwiliwili kisicho na mikono, kwani mikono ni yake.

Picha zitazidi kuja, na hakuna awezaye kuuziba mlima. Kila moja inapofika huita "Kitendawili!" nasi kwa haraka zetu tumezoea kujibu "Tega!" Tukishaitikia hivyo, tusisahau kwamba mji uliowekwa rehani ni huu tunaoishi.